Likizo Niliyoificha

Binti yangu aliposema kijiji anachoishi hakiingii gari, swali langu la kwanza lilikuwa: sasa walinzi wa magari wa huko wanakula nini? Mke wangu, ambaye ndiye aliyeshika simu, alinikata jicho akaenda kumalizia maongezi jikoni. Sikuwa nafanya mzaha. Nimesimama kwenye pakingi ya maduka pale Overport, hapa Durban, miaka kumi na tisa. Ile ya mwanzo nilivaa kizibao cha njano, nikiwapungia mkono watu wanaorudisha gari nyuma bila kutazama, na hii ya karibuni nimekuwa msimamizi wa wenzangu sita. Magari yamenilisha, yamenivisha, yamemsomesha huyo huyo binti. Mtu akiniambia kuna mahali watu wazima na akili zao wanaishi bila hata pikipiki, lazima niulize.

Mke wangu aliporudi alinieleza vizuri. Kijiji kiko Uswisi, juu mlimani. Mwenye gari analiacha chini bondeni kwenye jengo la pakingi la ghorofa nyingi, halafu anapanda treni ndogo yenye magurudumu ya meno, inakwea naye mpaka juu. Huko juu mtu anatembea kwa miguu, na mizigo mizito inavutwa na farasi. Binti yetu anafanya kazi kwenye chumba cha kufulia cha hoteli moja ya hapo, mume wake ni mpishi. Wana mtoto wa kike wa miaka minne ambaye nilikuwa sijawahi kumgusa hata kidole.

"Na hayo magari yanayoachwa chini," nikauliza, "nani anayalinda?"

"Nilimuuliza, maana nilijua utauliza. Amesema hayalindwi. Yanakaa tu."

Jibu hilo lilinikosesha raha siku nzima. Nilikuwa nikitembea kati ya mistari ya pakingi, nikiyatazama magari ya watu, na kila nikisimama naona bora nitembee tena. Mmoja wa wenzangu akaniuliza kama naumwa tumbo. Nikamwambia ndiyo.

Lakini si magari yaliyokuwa yananisumbua, na mke wangu alijua. Ilikuwa ni miaka tisa sijaongea na binti yangu. Kila alipopiga simu, alimpigia mama yake, na mwisho wa maongezi akasema "msalimie Papa," na mimi nikiwa nimekaa pale pale nikajibu "naye msalimie," kana kwamba mke wangu ni posta. Miaka tisa hiyo.

Tuligombana kwa sababu ya huyo mpishi. Alikuwa amekuja Durban kufanya kazi msimu mmoja kwenye hoteli ya ufukweni, wakajuana, na Jumapili moja binti akamleta nyumbani: mzungu mrefu, mwenye haya, amebeba keki aliyoipika mwenyewe. Sikuila. Mimi nina hasira za karibu, sitaki kujificha hapo. Nilikimbia Bujumbura na mtoto yule mgongoni, nimekaa kambini naye, nimefika Durban naye akiwa hajui hata kusoma, na sasa mtu anakuja na keki kumchukua. Nilisema, mama yake akisikia, kwamba akitoka mlango ule pamoja na yule mtu, basi mimi sina binti. Maneno yakishatoka hayarudi, na mimi siku ile sikutaka yarudi.

Siku ya ndege alikuja pakingi kuniaga. Alikaa ndani ya gari la rafiki yake, dirisha limeshushwa, ananingoja nisogee. Sikusogea. Rafiki yake alipochoka akaanza kutoa gari, na mimi nikafanya kazi yangu: njoo, njoo, kata kushoto, simama, nenda. Nilimwelekeza kama ninavyomwelekeza mteja yeyote. Gari likapita kwenye roboti, taa ikiwa kijani, likaenda zake.

Kwa hiyo mke wangu aliponiambia kwamba binti anatualika, wiki mbili, mwezi wa saba, tiketi watalipa wao, nilimfanya arudie mara tatu.

"Alisema wewe uje, au tuje sisi?"

"Alisema sisi. Wote wawili."

"Alisema hivyo yeye mwenyewe, au wewe ndiye uliyeniingiza?"

"Mzee, iko siku utanichosha. Alisema: mje wewe na Papa, mpumzike, mle vakansi kidogo. Ndivyo alivyosema."

Kula vakansi. Katika maisha yangu yote sijawahi kwenda likizo. Siku ambazo sikufanya kazi nilikuwa ama naumwa ama nazika mtu. Sikujua mtu anayepumzika anafanya nini na mikono yake. Nikanunua daftari.

Ndani ya daftari nilipanga siku zote kumi na nne. Siku ya kwanza kufika na kulala. Siku ya pili kukiona kijiji. Siku ya tatu kanisani, kama kuna kanisa. Na siku ya nne, saa tatu asubuhi, niliandika: kutembea na binti. Hiyo ndiyo ilikuwa likizo yangu. Nilitaka kumwomba msamaha, na nilitaka nimwombe tukiwa tunatembea, kwa sababu mimi nikikaa kitako mbele ya mtu maneno yanakwama. Tena nilipenda kwamba hakuna gari. Hapa mtu akikasirika anaingia kwenye gari, anafunga mlango, yamekwisha. Kule hata akitaka kuniacha ataniacha kwa miguu, nami nina miguu.

Kisha wasiwasi ukaanza. Siku ya nne nikaiona mapema mno, watu hawajazoeana. Nikaisogeza mpaka ya tisa. Ya tisa nikaona imechelewa, maana akinikatalia nitabaki na siku tano za kula chakula chake kwa aibu. Nikairudisha ya sita. Nilifuta na kuandika mpaka karatasi ikatoboka.

Mke wangu alilisoma daftari nilipokuwa naoga. "Hii ni vakansi," akaniuliza, "au ni zamu za walinzi?"

Binti alikuwa ameonya kwamba nyumba yao iko juu ya kijiji, mwendo wa dakika arobaini wa kupanda, na hakuna cha kukubeba. Kwa hiyo tukaanza mazoezi. Kila asubuhi kabla ya kazi tulishuka mteremko wa Berea mpaka chini, kisha tukapanda tena mpaka Overport, mke wangu na goti lake bovu, mimi na viatu vizito vya mtumba ambavyo muuzaji aliapa ni vya milimani. Nilikuwa natangulia mbele, narudi kumchukua, natangulia tena. Akasema nikiendelea hivyo nitapanda huo mlima mara mbili.

Asubuhi moja tulikutana na mtu wa kwetu anayeuza mkaa wa kuchomea nyama. Akashangaa kutuona tunahema. "Mzee, mnaenda wapi hivi na Mama?"

"Daktari," nikamjibu. "Amesema tutembee. Presha."

Akatupa pole. Tulipopita, mke wangu akaniuliza kwa nini nimemdanganya mtu ambaye hana baya lolote. Nilimshangaa yeye zaidi. Kwetu safari haisemwi. Unakusanya karatasi zako kimya kimya, unaondoka kimya kimya, na watu wanakuona kwenye picha ukiwa umeshafika. Sikulianzisha mimi, nimelikuta. Jicho la watu lipo, kijicho kipo, na hata asiyeamini hayo anajua kwamba safari iliyotangazwa ikivunjika mtu hana pa kuweka uso. Tunaye ndugu mmoja Queensburgh aliyetangaza kwamba anahamia Kanada. Alichinja mbuzi, akaagwa kwa nyimbo, akauza kitanda na friji. Karatasi zikakwama. Mpaka leo akitokea kwenye harusi lazima apatikane mmoja wa kumuuliza, "Aa, kumbe bado uko?" Mimi nilikula nyama ya yule mbuzi, na niliapa kwamba halitanipata.

Kwa hiyo nilimwagiza mke wangu asimwambie mtu. Akanyamaza, na mimi nikauchukulia ukimya wake kuwa kukubali. Kumbe wapi.

Niligundua kwa sababu ya koti. Binti alisema mwezi wa saba huko ni kiangazi, lakini kiangazi chao kina baridi kuliko baridi yetu ya Durban, na jioni mtu anatetemeka. Siku mbili baadaye nikakuta koti la sufu, jipya kabisa, limetundikwa mlangoni.

"Hili limetoka wapi?"

"Kwa bosi wangu. Ameniazima."

Mke wangu anafanya kazi kwenye duka la kupunguza na kushona nguo. Mwenye duka ni mama mmoja wa Chatsworth, wa hao wanaoitwa Wazanzibari ingawa wamezaliwa hapa hapa Durban, mtu mpole anayependa kutusalimia kwa maneno machache ya Kiswahili aliyoyashika kwetu.

"Umemwambia ni la nini?"

"Nimemwambia ninaenda kumwona mtoto wangu Uswisi. Ningemwambia ni la nini, la kuvaa sokoni? Na barua ya viza ameshaniandikia, ameandika vizuri kabisa, kwamba ananingoja nirudi, kwamba bila mimi hawezi kufanya kazi."

"Na nani mwingine anajua?"

Akakunja koti taratibu. "Wamama wa kikundi cha sala."

Kichwa kiliniwaka. Wamama wa kikundi cha sala ni ishirini na zaidi, na kila mmoja ana simu. Nilisema mengi ambayo sitayaandika hapa. Nilimwambia kwamba ametangaza safari yetu kama muuza ndizi, na kwamba ikivunjika itakuwa kwa ulimi wake. Yeye alinijibu kwa utulivu ulionikera zaidi: "Mimi nataka waniombee. Mtu anaombewa kwa kitu gani asichokisema?" Siku mbili hatukusemezana. Chai aliniwekea mezani, lakini kwa kuigonga.

Na mimi pia nilihitaji barua. Ofisi ya viza ilitaka barua ya mwajiri kwamba nina kazi, nimepewa ruhusa, na nitarudi. Bosi wangu ni mzee wa Kihindi, familia yake ndiyo wenye yale maduka, na ofisi yake iko juu ya duka la dawa. Tunaongea Kiingereza, chake cha Durban, changu cha pakingi. Hajawahi kunifokea. Kama kuna mtu angenipa barua bila maneno, ni yeye. Nilipanda ngazi nikiwa nimekusudia kumweleza, na nilipofika juu nikajikuta nasema kwamba mpwa wangu anaolewa Johannesburg, nahitaji wiki tatu, na tena naomba barua ya kuonyesha kwamba mimi ni mfanyakazi wake, kwa ajili ya benki.

Akafurahi. Akaniuliza watu wangapi wamealikwa. Nikasema mia mbili. Akauliza chakula ni cha nani. Nikasema cha upande wa bwana harusi. Akaandika barua, akapiga muhuri, akanipa na boksi la peremende za maziwa nimpelekee bibi harusi. Tulizila mimi na mke wangu, na hizo ndizo zilizotupatanisha.

Tulipeleka maombi siku moja, kila mtu na bahasha yake. Wakatupiga picha, wakachukua alama za vidole, mwanamke wa dirishani akapitia karatasi zangu akasema ziko sawa. Nilitoka nje mwili mwepesi. Nikanunua kofia ya safari.

Baada ya hapo ilikuwa ni kusubiri tu, na kusubiri ndiko nisikokuweza. Nilikuwa nawasha simu kila baada ya dakika chache. Nilibadilisha zamu za wenzangu bila sababu mpaka wakanung'unika. Nilihesabu soksi. Nilijaribu maneno ya kumwambia binti nikiwa nazunguka pakingi, midomo ikicheza, na mteja mmoja akanipa pole akidhani nasali.

Kisha, Alhamisi moja kabla ya chakula cha mchana, bosi aliteremka mwenyewe kunitafuta. Alikuwa anatabasamu.

"Leo nimekuokoa," akasema.

"Kutoka kwa nani, bosi?"

"Kwa matapeli. Amenipigia mwanamke, anasema anatoka ofisi ya viza, anataka kujua kama wewe unaenda likizo Uswisi. Wewe. Uswisi. Nikamwambia, mama, umekosea mtu. Huyu anaenda Johannesburg, mpwa wake anaolewa. Akaniuliza mara mbili kama nina hakika. Nikamwambia mtu huyu nimemjua miaka kumi na tisa, hawezi kunidanganya." Akanipiga begani. "Uwe mwangalifu na karatasi zako. Watu wanaiba majina siku hizi."

Nilimshukuru. Huo ndio ukweli, nilimshukuru kwa mikono miwili. Alipopanda kurudi ofisini nilibaki nimesimama kati ya magari mawili, na mtu aliyetaka kutoa lake akapiga honi mara nyingi kabla sijasikia.

Hapo nilikuwa bado na nafasi. Ningepanda ngazi zile kumi na nane na kusema: bosi, wapigie tena, uwaambie umekosea. Angepiga. Lakini kumwambia Uswisi kungenilazimu kumwambia kwa nini Uswisi, na kwa nini sikusema, na huko mwisho ningefika kwa binti yangu na ile siku ya pakingi, ambayo ilitokea hapo hapo chini ya dirisha lake. Nilipanda ngazi tano. Nikashuka. Siku ya pili nikapanda mpaka mlangoni, nikasikia anaongea na mtu, nikajiambia ana shughuli. Nilipiga mwenyewe ile ofisi ya viza, mashine ikanijibu. Mke wangu akaniuliza mbona silali vizuri. Nikamwambia viatu vya milimani vimenichubua.

Bahasha zilikuja Jumatano iliyofuata. Ya mke wangu ilikuwa na pasi yake na viza imebandikwa, safi. Yangu ilikuwa na pasi na karatasi. Ilisema kwa lugha ndefu kwamba maelezo yangu juu ya madhumuni ya safari hayaaminiki.

Aliisoma mara mbili. "Hayaaminiki kwa nini? Tumeandika kitu kile kile."

Nikamweleza. Johannesburg, mpwa, harusi, peremende, simu. Nilimweleza na zile ngazi. Nilitegemea apige kelele, na nilitaka apige kelele, ingenisaidia. Alikaa kitandani na pasi yake mapajani.

"Bosi wako," akasema mwishowe. "Mtu unayemwona kila siku. Huyo naye ulimwogopa jicho lake?"

"Sikumwogopa yeye."

"Najua hukumwogopa yeye." Akavua miwani. "Mimi siendi peke yangu."

"Utaenda. Tiketi yako ipo, koti lipo, mtoto anakungoja."

"Na nikifika nimwambie nini?"

"Mwambie ukweli."

"Ukweli mwambie wewe. Mimi nimeshachoka kuwa mdomo wako."

Kesho yake nilipanda ngazi zote. Bosi alikuwa anakunywa chai. Nilimwambia yule mwanamke hakuwa tapeli, kwamba sina mpwa Johannesburg, na kwamba nina binti Uswisi.

"Yule msichana aliyekuwa anakuletea chakula?" akauliza. "Mwenye sare ya shule? Aliyekuwa anafanya hesabu zake pale ngazini?"

"Huyo."

"Mimi nilidhani alikufa," akasema. "Siku moja uliacha kumtaja. Nikaona si adabu kukuuliza."

Alivuta droo, akatoa karatasi, akaanza kuandika barua nyingine bila kuombwa. Alikuwa anaandika polepole kwa sababu ya macho yake, na mimi nilisimama pale nikilia mbele ya mwajiri wangu, jambo ambalo sikuwahi kulifanya mbele ya mtu yeyote tangu kambini. Alinisogezea boksi la tishu kwa kiwiko.

Barua ile haikuweza kufika popote kabla ya ndege. Mke wangu alikubali mwishowe, akaondoka Jumamosi, amevaa koti la Chatsworth ingawa jua lilikuwa linawaka. Wamama wa kikundi cha sala walikuja uwanja wa ndege na nyimbo zao, na yule muuza mkaa naye akaja, na ndugu wa Queensburgh akambebea sanduku. Kila mtu aliniuliza mbona mimi sina mzigo. Nikawajibu kwamba nimenyimwa viza kwa sababu nilidanganya. Nilishangaa jinsi lilivyokuwa fupi kulisema. Ndugu wa Queensburgh hakucheka. Aliniambia, "Eish, pole, mzee," na akanirudisha nyumbani kwa gari lake.

Nyumbani sikuweza kukaa. Nilifua mapazia. Nilikwenda pakingi Jumapili ingawa haikuwa zamu yangu. Mke wangu aliandika kwamba amefika, kwamba treni ya meno inapanda kweli, kwamba goti limehimili. Akatuma picha ya njia ya mawe kati ya nyumba za mbao, watu wanatembea katikati yake bila kugeuka nyuma kutazama kama kuna kitu kinakuja. Niliitazama sana picha hiyo. Hakuandika lolote juu ya binti, nami sikuuliza.

Jumanne mchana simu ililia, namba ndefu ya nje, si ya mke wangu. Nilikuwa katikati ya pakingi. Nilitafuta pa kusimama penye utulivu, hapakuwepo, nikasimama nilipo.

"Papa."

Sauti ilikuwa imekua nzito kidogo. "Ndiyo, mama," nikasema.

"Mama amenieleza habari za bosi. Nataka kukuuliza kitu kimoja, na usikasirike. Ulifanya makusudi?"

"Hapana." Gari lilipita karibu yangu nikasubiri lipite. Kisha nikaona kwamba jibu hilo halikutosha. "Sijui. Niliogopa. Nilikuwa na nafasi ya kulitengeneza na sikulitengeneza. Labda niliogopa nikifika utanitazama vile ulivyonitazama ukiwa kwenye gari."

Nikaendelea, maana nilijua nikinyamaza nitanyamaza miaka mingine tisa. Nilimwambia kwamba nilikosa. Kwamba yale maneno ya mlangoni yalikuwa ya uongo tangu nilipoyasema, sikuwahi kuwa mtu asiye na binti hata siku moja. Kwamba siku ya ndege nilipaswa kusogea, zilikuwa hatua nne tu. Nikamwomba anisamehe. Sikuwa natembea, na maneno hayakukwama.

Alipumua. Nyuma yake nilisikia mashine za kufulia zinazunguka.

"Papa, mimi pia sikusema," akaniambia. "Mume wangu alijua kwa sababu ya tiketi. Lakini mtoto sikumwambia. Nilimwambia bibi anakuja, basi. Wewe niliogopa kukutaja, nilijua nikishakutaja hutafika. Kwa hiyo usijisikie vibaya sana. Hapa hakuna aliyekuwa anakungoja. Ni mimi tu."

Niliushika mlango wa gari la mtu.

"Mwambie," nikasema.

"Nimwambie nini?"

"Mwambie babu yake anakuja."

"Lini?"

"Sijui lini. Naomba tena, bosi ameshaandika."

"Na wakikunyima? Papa, ana miaka minne. Akishaambiwa kitu anauliza kila siku, asubuhi na jioni. Atakuwa anakungoja bure."

"Aulize," nikasema. "Mpe namba yangu, aniulize mimi."

Nikamsikia akiisogeza simu mbali na mdomo wake na kumwita mtoto, kwa Kiswahili, aje haraka, kuna mtu anataka kumwambia kitu.